Mdomo Bado Unacheza

Krismasi kwake ilianza mwezi wa tano na kwisha mwezi wa tisa. Watu wengine walipoanza kusikia nyimbo za kengele madukani, yeye alikuwa amekwisha kumaliza Krismasi kumi na mbili, amependwa mara kumi na mbili, amebusiwa kwenye theluji mara kumi na mbili, na koo limemkauka kama jiwe la juani. Kazi yake ilikuwa kuziingizia sauti filamu za mapenzi za Krismasi zinazotoka nje, ili watu wazitazame kwa Kiswahili sebuleni kwao. Mwanamke mkuu wa kila filamu alikuwa yeye. Kazini walimwita Bi Krismasi, na hata mlinzi wa getini, ambaye hakuwahi kujua jina lake la kweli, alimfungulia kwa jina hilo.

Umaarufu hakuwa nao. Siku moja alisimama sokoni nyuma ya wanawake wawili waliokuwa wakimzungumzia yeye bila kujua. "Yule dada akilia, na mimi nalia," alisema mmoja. Bi Krismasi alitaka kuwaambia, "Ni mimi huyo," lakini ushahidi wake ungekuwa nini? Alie palepale mbele ya vitunguu? Akanunua vyake, akaenda zake.

Kabla ya kazi hii alikuwa akisoma matangazo ya vifo redioni. Fundi wa sauti wa filamu hizi alimsikia asubuhi moja akisoma jina la marehemu na orodha ndefu ya wajukuu, akampigia simu, akamwambia kwamba sauti yake inahuzunika vizuri bila kujitia. Aliyeweza kusoma msiba kila siku, Krismasi ingemshindaje?

Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo kama stoo. Kuta zilipigiliwa mablanketi ya kijivu na trei za mayai ili sauti isirudi. Feni haikuwashwa, maana maikrofoni haina adabu, inasikia kila kitu, hata tumbo la mtu aliyekosa chai. Kwa hiyo maneno "Baridi hii itaniua" aliyasema huku jasho likimtiririka mgongoni mpaka kiunoni. Theluji hakuna aliyewahi kuiona kati yao. Mtu anapoikanyaga inaliaje? Fundi alileta mfuko wa unga laini, akaubinya kwa vidole mbele ya maikrofoni, ukatoa mlio wa kukatika-katika, na tangu siku hiyo kila mpenzi wa Krismasi alitembea juu ya unga.

Na hadithi zenyewe! Ukiijua moja umezijua zote. Kuna mwanamke wa mjini, ana cheo na viatu virefu. Anakwenda kwenye mji mdogo kwa siku chache tu. Anamgonga mwanamume na kumwagia kinywaji cha moto kifuani. Mwanamume huyo lazima awe seremala, au mwoka mikate, au mjane mwenye mtoto mmoja anayeongea kama hakimu. Kuna nyumba ya wageni inayotaka kufungwa. Kuna mti wa kupambwa na ngazi ya kuangukia. Dakika ya sitini wanagombana kwa jambo ambalo sentensi moja tu ingelimaliza, lakini hiyo sentensi hakuna anayeisema, kwa sababu zimebaki dakika thelathini.

Halafu kuna mchumba. Huyu yuko mjini, ana suti, simu haimtoki sikioni. Hana kosa kubwa, ila hapendi theluji. Dakika ya sabini mwanamke anamwambia, "Wewe ni mtu mwema, lakini..." Naye anakubali kwa heshima, anaingia ndani ya gari, na habari yake inaishia hapo. Bi Krismasi alikuwa amemwacha mwanamume huyo zaidi ya mara mia moja na hakuwahi kujiuliza alikoelekea.

Wanaume wote wapendwao walikuwa na sauti moja, ya Besi. Ndivyo walivyomwita, kwa ajili ya sauti yake nzito iliyokuja kutoka chini kama gari linalopanda mlima. Alikuwa mtu wa miaka hamsini kasoro, aliyekwisha kuachana na mkewe zamani, mpole, mnene kidogo, aliyekuja kila siku na chupa yake ya maji ya tangawizi. Kwa miaka kumi na mmoja alikaa kushoto kwa Bi Krismasi, bega kwa bega, mbele ya maikrofoni moja, wote wawili wakiwa wameelekea kioo cha filamu. Busu la filamu, kwa wasiojua, hupigwa hivi: yeye anabusu mgongo wa mkono wake, Besi anabusu mgongo wa mkono wake, kila mmoja anatazama mbele, na fundi anasema, "Safi, twende." Walikuwa wamebusiana mara zisizo na hesabu na hawajawahi kupeana hata mkono vizuri.

Kama alimpenda? Alimpenda. Tusizunguke mbuyu. Hukai miaka kumi na mmoja ukiambiwa "moyo wangu ni wako" kwa sauti ile halafu ukaenda nyumbani ukiwa mzima. Lakini alikuwa mtu wa akili zake, alijua maneno ya karatasini si ya mtu. Alilikunja pendo hilo kama nguo isiyo na mahali pa kuvaliwa, akaliweka.

Miaka miwili nyuma herufi zilianza kumchezea. Akitazama karatasi, anapotewa na kioo. Akitazama kioo, karatasi inakuwa ukungu. Akaenda kwa fundi wa miwani, mtaa wa pili kutoka kazini. Fundi huyo alikuwa mtu wa maneno machache, hajawahi kuoa, anayevaa koti jeupe lenye mifuko miwili ya bisibisi ndogo. Hakumwambia, "Vaa hii, itakufaa." Alimuuliza kazi yake. Kesho yake akafika mwenyewe pale studio na utepe wa kupimia, akapima kutoka kiti chake mpaka kwenye kioo, kisha kutoka machoni mpaka kwenye karatasi, akaandika kwenye kiganja.

"Kiti hiki hakihamishwi?" aliuliza.

"Kimepigiliwa," alisema fundi wa sauti. "Kinalia kikisogea."

Miwani aliyomtengenezea ilikuwa na sehemu mbili: chini karatasi, juu kioo. Ilifaa kwa kiti kile tu. Barabarani ilimtia kizunguzungu, lakini pale kitini aliona kila unywele wa kila seremala.

Basi wakazoeana. Jioni, akitoka kazini, anapita dukani, wanakunywa chai kwenye vikombe visivyofanana. Hakumwambia kwamba ana macho kama nyota. Alimwambia, "Jicho la kushoto linachoka kabla ya la kulia. Lipumzishe." Mwaka wa pili akauliza, akiwa ameinamia mashine ya kusagia vioo, kama angeruhusiwa kuja Jumapili na shangazi yake kuzungumza na dada. Dada ndiye mkubwa wake aliyekaa naye nyumba moja tangu wazazi wao wafariki. Bi Krismasi akasema, "Njooni." Alirudi nyumbani akitabasamu peke yake, na dada akatoa vitambaa vya viti akavifua.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa likatokea jambo.

Walikuwa wanarekodi filamu ya saba. Seremala yuko mlangoni pa mgahawa, mwanamke ameshika sanduku. Kwenye karatasi palikuwa na neno moja tu: "Usiende." Besi akalisema. Lakini kwenye kioo mdomo wa seremala ukaendelea kucheza. Bi Krismasi akamwona Besi, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, akiinua macho kutoka kwenye karatasi na kugeuza uso kwake. Akasema taratibu, kwa sauti ile:

"Miaka yote hii nimekaa pembeni yako, na wewe unatazama mbele tu."

"Safi," alisema fundi wa sauti. "Twende."

Wakaenda. Lakini Bi Krismasi hakwenda popote. Alibaki palepale kwenye ile sentensi. Yule seremala alikuwa amemjua yule mwanamke kwa siku tisa tu. Miaka yote gani? Na nani alikaa pembeni ya nani, akitazama mbele, kama si wao wawili pale kwenye viti vilivyopigiliwa? Maneno hayakuwa kwenye karatasi. Alihakikisha, aliigeuza hata nyuma. Nyuma palikuwa na doa la chai.

Usiku wote alifanya hesabu moja tu nayo ikatoa jibu lilelile. Jumamosi asubuhi akaenda kwa fundi wa miwani. Alikuwa amepanga maneno yake mwenyewe njia nzima, lakini alipofungua kinywa yakatoka yale yaliyozoea njia.

"Wewe ni mtu mwema," alisema, "lakini..."

Akajisikia. Hata pumzi aliipitisha mahali pake, palepale anapoipitisha kazini. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, lakini hakujua kuisema kwa namna nyingine.

Fundi wa miwani hakuwa na suti wala simu sikioni. Alikuwa ameshika kioo kimoja kilichosagwa nusu. Akakiweka chini polepole.

"Basi nitamwambia shangazi," alisema. "Miwani ikilegea, usiache kuja. Hiyo kazi yangu."

Dada alipoambiwa, alikaa juu ya vile vitambaa vilivyofuliwa.

"Huyo Besi amekuambia nini hasa?"

"Ameniambia, dada. Anajua alichosema."

"Amekuambia mkiwa wapi?"

"Kazini."

"Maikrofoni iko mbele?"

Bi Krismasi akainama akavua viatu.

"Mdogo wangu," alisema dada, "hata mimi ukiniweka mbele ya maikrofoni nitakwambia nakupenda. Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Hukumwona alivyogeuka."

"Sikumwona. Na Jumapili sitamwona yule mwingine pia, nilikuwa nimempikia moyoni tayari."

Akangoja. Jumatatu Besi alikuja na chupa yake ya tangawizi, akasema, "Bi Krismasi, za wikiendi?" kama kawaida. Ungedhani Bi Krismasi angeuona ukweli hapo. Lakini mtu aliyekaa ndani ya hadithi moja miaka kumi na mmoja huiona kila mahali. Hasemi, alijiambia, kwa sababu ni dakika ya sitini. Lazima pawe na kimya hapa. Anaogopa. Ananipa nafasi. Alipokohoa, ilikuwa ishara. Alipokosa siku mbili kwa homa, ilikuwa ishara kubwa zaidi. Ngojangoja huumiza matumbo, na tumbo lake liliuma kwelikweli, mpaka maikrofoni ikalisikia na fundi akamwambia anywe chai. Filamu ya nane ikapita, ya tisa, ya kumi. Besi hakugeuka tena.

Siku ya mwisho ya msimu, mwezi wa tisa, walipomaliza theluji ya mwisho na fundi akatoka kwenda kunywa soda, Bi Krismasi alibaki kitini. Besi alikuwa akifunga chupa yake. Bi Krismasi akamuuliza. Alikuwa amechoka kungoja dakika ya tisini ije yenyewe.

"Lile neno lako la filamu ya saba. La mgahawani."

"Lipi?"

"Kwamba miaka yote hii umekaa pembeni yangu."

Besi akakunja uso akitafuta. Hakuwa akijificha, na hilo ndilo lililomuumiza. Alikuwa akitafuta kweli, kama mtu aliyeulizwa alikula nini mwezi wa sita.

"Aaa!" alisema, uso ukafunguka. "Ile! Kwenye karatasi palikuwa na 'Usiende' tu, na mdomo bado unacheza. Sekunde mbili na nusu, bibie! Ningefanyaje? Nikachukua maneno ya ile filamu nyingine niliyorekodi asubuhi peke yangu, ya wale waliosoma dawati moja. Yalikuwa bado mdomoni. Yakaingia sawasawa."

"Uligeuka ukanitazama."

"Nilikutazama?" Akafikiri. "Kwenye karatasi hapakuwa na kitu cha kutazama."

Akaanza kucheka, kisha akauona uso wake, na kicheko kikamfia. Si mtu mbaya, Besi. Laiti angekuwa mbaya. Akakaa tena kwenye kiti chake, wote wawili wakaelekea kioo kilichozimwa, maana hawakujua kukaa namna nyingine.

"Bibie," alisema kwa sauti ya chini, ile yenyewe, "mimi nikifika nyumbani sitaki hata redio. Maneno yote ya mapenzi niliyopewa nimeyamalizia hapa. Mwenzangu aliondoka kwa sababu hiyo. Sina hata moja la kubeba."

Dakika ya themanini na tano, filamu hizi zote zina mbio. Mwanamke hutupa viatu, hukimbia kwenye theluji, hufika kituoni treni ikipiga honi. Bi Krismasi hakukimbia, kwa sababu goti lake la kulia linauma na barabara ilikuwa imechimbwa kupitisha mabomba. Lakini alitembea haraka kuliko alivyowahi kutembea, amesahau kuvua ile miwani ya kitini, dunia nzima inamyumbia, shimo linaonekana mbali na watu wanaonekana karibu. Njiani alipanga maneno. Yake mwenyewe safari hii, hata moja halikutoka kwenye karatasi. Nilikosea. Ni wewe uliyepima kiti changu. Kama bado unaruhusu, mlete shangazi.

Pale dukani, nyuma ya kaunta, alimkuta mwanamke mwenye umri kama wake akifuta vioo kwa kitambaa laini. Mwanamke huyo akamtazama, akatabasamu, akageukia chumba cha ndani.

"Mume wangu, kuna mteja."

Fundi wa miwani akatoka na koti lake jeupe. Lilikuwa limepigwa pasi. Vikombe viwili vilivyokuwa juu ya rafu sasa vilifanana.

"Shangazi alikuwa ameshashona nguo ya safari," alisema alipoona macho yake yanakwenda huku na huku. Alisema bila kinyongo, kama anayeeleza hali ya hewa. "Akaniambia nguo ya posa haikunjwi bila kuvaliwa. Wiki tatu zimepita sasa. Karibu, kaa. Macho yanasumbua?"

Maneno yote aliyopanga yalikuwepo, hakusahau hata moja. Hayakuwa na pa kwenda.

"Miwani imelegea," alisema.

Akaivua akampa. Fundi akaishika kwenye mwanga, akafungua na kufunga mikono ya miwani. Haikuwa imelegea, ilikuwa imekaza kama siku aliyomkabidhi. Fundi alijua, na Bi Krismasi alijua kwamba anajua. Fundi akachukua bisibisi ndogo kutoka mfukoni, akaigusisha kwenye skrubu isiyo na haja, akazungusha hewani kidogo. Kisha akafuta vioo vyote viwili, cha kushoto kwa muda mrefu zaidi, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Tayari," alisema.

Bi Krismasi alikaa kituoni mpaka mabasi matatu yakapita. Ndipo akamkumbuka yule mchumba wa dakika ya sabini. Anaingia ndani ya gari, wanamsahau, wanabaki na wapenzi. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba gari lile hufika mahali; kwamba kuna nyumba, na shangazi, na mtu anayesema "mume wangu". Na kwamba yule mwanamke wa theluji huweza kubaki mlangoni pa mgahawa na sanduku lake, bila seremala yeyote, mpaka taa zizimwe. Dada alimfungulia mlango. Alimsogezea kiti, na jambo hilo halikutajwa tena ndani ya nyumba ile.

Mwezi wa tano ukafika, na Krismasi nayo. Angeacha kazi angekwenda wapi? Redioni vifo vilikuwa vimeshapata msomaji mwingine. Mlinzi akamfungulia, "Karibu, Bi Krismasi." Besi akamsalimia kwa upole zaidi kuliko zamani, akasogeza chupa yake isimguse. Wakakaa bega kwa bega.

Filamu ya kwanza, dakika ya sabini. Mwanamke amesimama mbele ya mchumba wake wa mjini. Mchumba huyu, kwa bahati tu, alikuwa na uso mtulivu, na alikuwa ameshika kitu mkononi, labda funguo. Bi Krismasi akavaa miwani. Chini karatasi, juu kioo, kila kitu mahali pake, kama kilivyopimwa.

"Wewe ni mtu mwema," alisoma, "lakini moyo wangu hauko hapa."

Karatasi ikaishia hapo. Kwenye kioo mdomo wa mwanamke ulikuwa bado unacheza.

Fundi wa sauti akasimamisha. "Bi Krismasi, zimebaki sekunde mbili hivi. Ongeza kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote. Jaza mdomo tu."

Akarudisha nyuma. Taa nyekundu ikawaka. Bi Krismasi akainua macho kutoka kwenye karatasi, maana hapakuwa na kitu cha kutazama, akamtazama yule mwanamume aliye kwenye kioo kupitia sehemu ya juu ya miwani.

"Wewe ni mtu mwema, lakini moyo wangu hauko hapa. Nisamehe. Nilikuwa sioni."

Besi akageuza kichwa akamtazama, na safari hii alimtazama kweli.

"Safi," alisema fundi kutoka nyuma ya dirisha lake la kioo, tayari akitafuta sehemu inayofuata. "Imeingia sawasawa. Na hata isingeingia usijali, hapo muziki unapanda, hakuna atakayesikia. Twende."